Nilivyomchagulia punda wangu dume la mbio, nikaishia kumpa mtani wangu shikamoo

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa shikamooni, wadogo kaeni vizuri mjifunze.

Jana nimepita humu nikakuta mtu kaleta mada ya farasi wa mbio wa Ulaya. Anaeleza jinsi matajiri wa kule wanavyochagua dume la kumpandisha jike wao. Wanaangalia ukoo, wanaangalia miguu, mpaka karatasi za babu yake farasi zinasomwa. Watu mkashangaa mno.

Mimi nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Kwa sababu kazi hiyo nimeshaifanya. Hapa hapa Singida. Kwa punda. Na bila karatasi.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayebisha aje Utemini aulize nyumba ya mwenye mashine ya alizeti na lori mbili, ataletwa mpaka getini. Ila akimkuta mke wangu asimuulize habari za Risasi. Atakalishwa mpaka jioni na chai atapewa mara mbili.

Twende taratibu.

Ilikuwa ile miaka ruksa imeanza kunoga. Sabuni imerudi madukani, mitumba imeingia, mtu binafsi anaruhusiwa kununua alizeti yako bila kupangiwa na mtu. Ukiwa na akili na miguu unatoka.

Mimi miguu nilikuwa nayo. Akili nayo ilikuwepo, msinicheke. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu mwenyewe akaniambia nyumbani ng'ombe wananisubiri. Leo watoto wa yule mwalimu wanakamulia alizeti kwangu. Tuyaache hayo.

Nilikuwa na mke, mtoto mmoja anaitwa Asha, na punda jike mmoja anaitwa Bahati.

Bahati nataka mumjue vizuri maana uzi huu ni wake.

Yule punda hakuwa wangu. Alikuwa wa mke wangu. Mama mkwe, mfanyabiashara wa asali wa Itigi, alikuja kumwona mjukuu akamkuta binti yake anatoka kisimani na ndoo kichwani na mtoto mgongoni.  Siku ya mnada akaenda na asali yake, akarudi na punda. Akamkabidhi binti yake kamba. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kamba ikapita mbele ya pua yangu.

Basi Bahati ndiye aliyetulisha. Asubuhi anabeba maji tunauza, siku ya mnada anavuta mkokoteni wa mizigo ya watu. Bila Bahati sisi tulikuwa hatuna kitu.

Sasa tuje kwenye mbio.

Kwa msiojua, huku kwetu siku ya mnada watu wa mikokoteni asubuhi wanakwenda na mizigo, jioni wanarudi mitupu. Mkokoteni mtupu, punda anajua anakwenda nyumbani, kijana ana sauti ya pombe kidogo. Mbio zinaanza zenyewe. Hakuna aliyezipanga.

Halafu kila mwaka baada ya kuvuna alizeti zilikuwepo mbio kubwa. Hizo bila mkokoteni, mtu anapanda mgongoni. Mnatoka uwanja wa mnada mpaka kwenye mashine ya Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa mjini, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuweka mashine ya kukamua upande wetu ule.

Na huyo Mzee Rajabu alikuwa na dume linaitwa Kanali.

Wakuu, Kanali! Mrefu kuliko punda wote mliowahi kuona. Kifua kama pipa. Mdomo mweupe, ule msalaba wa mabegani mweusi kama umechorwa kwa lami. Akilia, watoto wanaingia ndani. Kila mwaka mbio kubwa anashinda yeye, na kila mwaka kwa mbali. Mpaka watu wakaanza kunung'unika kwamba Mzee Rajabu anatoa zawadi kwa mkono wa kulia anaipokea kwa wa kushoto. Kwa aibu akamstaafisha Kanali, akatangaza kuanzia hapo zawadi itakuwa baiskeli mpya, na punda wake haingii.

Baiskeli mpya, wakuu. Vijana wa siku hizi mnaona kitu kidogo. Zama zile ukiwa na baiskeli mpya hata wazee wanakuuliza maoni yako.

Mimi nikapiga hesabu ya kichwani. Kanali hakimbii tena, lakini mtoto wake je? Nichukue Bahati, nimpeleke kwa Kanali, nipate mtoto, nimlee, nimfundishe, baiskeli iwe yangu kila mwaka mpaka nichoke kuzipanda.

Mawazo hayo nilikuwa nayo peke yangu kijiji kizima. Wengine walikuwa wanangoja mvua tu.

Nikaanza utafiti. Nyie mliosoma mnasema utafiti, sisi tulisema kuchungulia. Nilikwenda kwa Mzee Rajabu nikamzunguka Kanali kama mteja anayenunua shati. Nikamwangalia kwato. Nikamfungua mdomo. Nikachukua kamba nikampima kifua, nikampima paja. Akina mama waliokuja kununua mafuta wakawa wananitazama.

Mmoja akaniambia, "Baba Asha, unampimia kaptula?"

Nikawaacha wacheke. Mtu mwenye mipango huchekwa.

Mzee Rajabu hakutaka pesa. Alitaka maji ya mashine, msimu mzima. Kwa hiyo Bahati alikuwa anakwenda kwa Kanali na madebe mgongoni. Kwa maneno mengine bibi harusi alijilipia mahari mwenyewe. Jike akiwa tayari utamjua, analaza masikio nyuma na anatafuna tafuna mdomo hauna kitu. Siku alipotafuna, Kanali akafanya kazi yake, mimi nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Hapo ndipo anaingia mtani wangu.

Anaitwa Maganga. Mnyamwezi. Alikuwa kibarua wa reli pale Itigi, walipopunguzwa kazi akaja kijijini kwetu kubeba maji kama mimi. Mimi Mnyaturu, yeye Mnyamwezi, sisi ni watani tangu mababu. Kwa wale waliokulia majumba ya ghorofa, mtani anaweza kukutukana msibani na ukacheka. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akaondoka naye, nawe ukamfuata ukamkomboa kwa pombe au chakula. Hakuna kukasirika. Ukikasirika umevunja utani.

Na mtani humsalimii shikamoo, hata kama amekuzidi umri. Maganga alinizidi kama kaka mkubwa, lakini mimi nilikuwa namwambia "we mla michembe ya viazi umeamkaje," yeye ananijibu "afadhali mimi kuliko mlenda ulioko usoni kwako." Tukimaliza hapo tunakwenda kisimani pamoja.

Maganga naye alikuwa na dume lake, linaitwa Sabuni. Alimnunua mwaka ule sabuni ziliporudi. Ila punda mwenyewe alikuwa mchafu kuliko majivu. Mfupi, manyoya kama mkeka wa zamani, sikio moja limechanika. Anatembea kama mtu anayefikiria jambo.

Nilipomwambia kwamba Bahati amepandwa na Kanali, Maganga akaweka ndoo chini.

"Mtani," akasema, "yule Kanali umewahi kumwona asubuhi?"

"Asubuhi ya nini?"

"Asubuhi akitoka mashineni kuja mnadani. Mwangalie. Anavutwa na watu wawili, mmoja anamsukuma matako. Mbio zake zote ni za kurudi. Pale mashineni ndiyo kwao, na kuna mashudu ya alizeti ya kula. Mbio kubwa zinaishia mlangoni kwake. We hata wewe ukiambiwa ukimbie mpaka kwenye sufuria la mkeo utashinda."

Nilicheka, wakuu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa kisima.

"Wivu huo!" nikamwambia. "Babu zako walibeba pembe mpaka pwani wakarudi na shanga, leo unanifundisha biashara?"

"Sikufundishi. Ungemleta kwa Sabuni. Sabuni asubuhi na jioni mwendo ule ule. Ukimwelekeza mashariki anakwenda, magharibi anakwenda."

"Sabuni yule? Mtoto akizaliwa na lile sikio nitamwambia nini mama yake?"

Watu wote kisimani wakaanguka. Nilijiona nimemshinda. Mtu mwingine yeyote angeniambia maneno yale ningefikiria mara mbili. Lakini alikuwa ni Maganga, na Maganga tangu tujuane hajawahi kuniambia neno bila kunitania. Mnaelewa? Nilisikiliza kila alichosema, nikakiweka kwenye fungu la vichekesho.

Bahati akabeba mimba. Punda, kwa taarifa yenu, anachukua mwaka mzima na saa nyingine anapitiliza. Akazaa dume. Zuri! Miguu mirefu kama ngazi, mdomo mweupe kama baba yake. Nikamwita Risasi.

Risasi alikua ubavuni mwa mama yake. Mama akienda kisimani yupo, mama akienda mnadani yupo. Alipofikia umri wa kupandwa mgongoni nikaanza kumfanyisha mazoezi. Na mazoezi tulikuwa tunafanya lini? Jioni, baada ya kazi, tukitoka mnadani kurudi nyumbani.

Msinitangulie. Najua mmeshaona. Mimi wakati ule sikuona.

Jioni Risasi alikuwa moto. Anawapita wote. Upepo unanitoa machozi, naona Bahati, aliyetangulizwa nyumbani, yuko kwa mbali uani ananyanyua masikio, mara tumefika. Kijiji kikaanza kunisalimia kwa heshima. Mimi nikaanza kusema. Na mimi nikianza kusema, wakuu, huwa nasahau breki ziko wapi.

Siku ya mnada kabla ya mbio kubwa nilikuwa pale kwa wachoma nyama, watu wamejaa. Maganga akasema naye anamwingiza Sabuni.

Kicheko.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, mashahidi wapo, wengine ni wazee wa kanisa leo: "Risasi akishindwa na Sabuni, mtani, njoo kwangu umchukue mama yake!"

Maganga akanitazama. "Bahati?"

"Bahati huyo huyo, na kamba yake!"

"Watu wamesikia," akasema, akaendelea kutafuna mfupa.

Mke wangu hakuwepo. Niliona hakuna haja ya kumsumbua na mambo madogo.

Sasa angalieni mambo yanavyojipanga. Wiki ile ile ya mbio nani anakuja kututembelea kutoka Itigi? Mama mkwe. Na chupa zake za asali, na mkeka wake. Akatandika uani karibu na Bahati, akasema atakaa mpaka achoke. Mimi mkwe wangu nilikuwa namheshimu sana, hata kula mbele yake siwezi. Nikipita uani naangalia ardhi.

Siku ya mbio ikafika.

Uwanja umejaa. Punda labda kumi na kitu, wengine wametoka mpaka upande wa Nduguti. Mzee Rajabu kakaa kule mashineni na baiskeli imefungwa utepe. Mimi nimevaa kaptula ya mtumba na nimevua shati kwa ajili ya wepesi. Maganga yuko juu ya Sabuni, miguu inakaribia kugusa chini, kavaa kofia yake ya reli.

Akaniambia, "Mtani, umemwambia Risasi mashine iko upande gani?"

Nikamjibu kwa kutema mate.

Filimbi ikalia.

Wakuu! Risasi alitoka kama jina lake. Hatua chache tu na mbele yangu hakuna mtu. Nasikia nyuma kelele, vumbi, akina mama wanapiga vigelegele. Nikajiona nakanyaga pedali. Nikageuka nyuma nikamwona Sabuni kwa mbali, wa mwisho mwisho, anafikiria.

Kutoka uwanjani unakwenda moja kwa moja mpaka njia panda. Hapo njia ya kulia inakwenda mashineni. Ya kushoto inakwenda kijijini kwetu.

Nadhani sina haja ya kuendelea.

Nilivuta kamba kulia. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaita kwa jina la mama yake. Risasi hakupunguza hata kidogo. Alikata kushoto mpaka nikabaki nimening'inia ubavuni kama mtungi, nikajirudisha juu kwa kushika shingo, na kutoka hapo, nawaambia ukweli, alikimbia kuliko siku zote za maisha yake. Nilisikia watu njia panda wanacheka, sauti ikawa ndogo, ndogo, ikaisha. Tukabaki wawili na vumbi letu.

Mpaka leo hakuna punda aliyefika kwangu haraka vile. Rekodi ninayo.

Tukaingia uani kwa kishindo. Kuku wakatawanyika. Risasi akaenda kusimama ubavuni mwa mama yake akaanza kunusa, kazi imekwisha. Na mimi niko juu, sina shati, vumbi mpaka kwenye kope, na hatua mbili mbele yangu, juu ya mkeka, mama mkwe anachambua mchele.

Ningefanya nini? Nikasalimia kutoka huko huko juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akaendelea kuchambua. Kisha bila kuinua macho: "Mbio zimeisha?"

 Nikashuka nikaenda nyuma ya nyumba.

Baiskeli ilichukuliwa na Mnyiramba mmoja wa Nduguti. Sabuni alishika nafasi ya tatu, wenye mbio waliishiwa pumzi njiani akawa anawapita mmoja mmoja. Lakini alifika. Hilo ndilo lilikuwa sharti.

Kesho yake asubuhi Maganga akaja na kamba.

Mimi nikajua ni utani wetu, basi. Anachukua, anazunguka naye kijijini watu wacheke, jioni anarudisha namnywesha pombe yanakwisha. Nikamfungulia Bahati mwenyewe. Nikampiga begani: "Mchukue mtani, mpe na shanga za babu yako!" Tukacheka wote. Akaondoka naye.

Jioni hakurudi.

Kesho yake hakurudi.

Wiki ikapita. Nikikutana naye njiani ananisalimia vizuri tu, anauliza habari za nyumbani. Anauliza habari za nyumbani, wakuu! Maganga! Hakuna tusi, hakuna mlenda.  Nikakumbuka njia panda. Mara ya kwanza, kule kisimani, nilidhani anatania, kumbe anasema kweli. Sasa je?

Nyumbani hali ikabadilika. Risasi maji alikuwa habebi, na tangu mama yake achukuliwe ukimtoa nje ya ua anagoma. Mke wangu alipojua nilichosema kule kwa wachoma nyama hakupiga kelele.  Alipochukua ndoo aende kisimani, mama mkwe akasema pale mkekani, "Weka chini. Baba Asha atachota."

Nikachota. Nilitafuta mti nikatengeneza mzega, debe mbele debe nyuma, nikawa napeleka maji kwa wateja wetu nyumba hadi nyumba kwa mabega yangu. Akina mama wa kisimani walinipokea kwa furaha kubwa.

"Jamani, huyu punda mpya mbona ana ndevu?"

"Mpisheni, huyu ni ukoo wa Kanali!"

"Baba Asha, usipite kushoto tu."

Mabega yalichubuka. Hapa ninapoandika kovu la kulia lipo, daktari mmoja alidhani ni la ajali.

Jioni moja mama mkwe akaniita. Nikakaa mbali, nimeinamisha kichwa. Akasema taratibu, maana yeye kupaza sauti hajui:

"Baba Asha, mimi nilimpa mwanangu punda asiteseke na maji. Sikumbuki kumpa mtu ruhusa ya kumtaja kwenye nyama choma."

"Ndiyo mama."

"Yuko wapi Bahati?"

"Yuko... amepumzika kidogo kwa Maganga."

"Basi kamwamshe."

Wakuu, kama mmewahi kukosa usingizi kwa ajili ya punda mtanielewa. Nilijua kabisa, nikirudi bila Bahati, mama mkwe ataondoka, na hataondoka peke yake. Mkeka utaondoka, asali itaondoka, mke wangu na Asha wataondoka, nitabaki na Risasi ambaye hata yeye atawafuata.

Asubuhi nikavaa shati langu la sikukuu. Nikakamata jogoo. Nikaenda kwa Maganga, nikamkuta amekaa nje na watu wake wawili watatu wanakunywa uji.

Nikasimama mbele yake. Nikainama. Nikasema:

"Shikamoo, Mzee Maganga."

Kikombe kikamponyoka.

Alinitazama kama mtu aliyeona punda anaongea. Kisha akaanza kucheka. Alicheka, akaanguka kwenye kigoda, akacheka akiwa chini, kofia ya reli ikaenda kule.

"Mnyaturu kanisalimia! Njooni mwone! Mnyaturu kanipa shikamoo!"

"Nakuomba Bahati wangu," nikasema. Sauti ilitetemeka, nakubali. Ni vumbi.

Akakaa. Akafuta machozi. "Mtani, wewe mjinga kabisa. Ningemla? Nilikuwa nangoja uje umkomboe kwa pombe siku ya kwanza ile ile. Siku ya pili nikataka kumrudisha mwenyewe, maana ananimalizia pumba. Nimefika karibu na kwako nimekutana na mama mkwe wako njiani. Tunajuana tangu Itigi. Akaniambia, rudi naye. Kaa naye mpaka aje mwenyewe, kwa miguu yake, na adabu mkononi."

Nikaangalia jogoo. Adabu yenyewe ilikuwa hiyo.

"Na jingine," akasema. "Aliuliza una dume? Nikamwambia ninaye, ila mkwe wako kamkataa kwa sababu ya sikio. Akaja hapa asubuhi mapema, akamwangalia Sabuni anatoka na mzigo. Akarudi tena jioni akamwangalia anaingia. Akasema huyu anafaa. Bahati alikuwa anatafuna mdomo. Mengine hayo sikuwepo."

Kwa hiyo wakuu, mimi na kamba yangu ya kupimia, mimi na utafiti wangu, dume nilichaguliwa na mama mkwe.

Nikamkomboa Bahati kwa jogoo na sharti moja ambalo Maganga aliliweka mbele ya watu: kila siku ya mnada, mbele ya wachoma nyama, nitampa shikamoo. Mtani kumpa mtani shikamoo! Ni kama kumvalisha gauni. Lakini nilikubali, nikamvuta Bahati nyumbani. Mama mkwe akamwona akaingia, akasogeza mkeka kumpisha, akaendelea na mchele wake.

Bahati akazaa jike. Fupi. Manyoya ya mkeka. Masikio mazima, namshukuru Mungu. Mke wangu akasema wa safari hii jina atampa yeye, akamwita Taratibu.

Taratibu huyo, wakuu, ndiye aliyenitoa. Asubuhi anakwenda na gunia za alizeti, jioni anarudi na mashudu, mwendo ule ule, kiangazi na masika. Kwa mgongo wake nikapata mkokoteni wa pili, wa tatu, na mengine mnayoyaona hapa Utemini. Risasi tulimwacha awe dume la uani. Kazi yake kubwa ilikuwa kutangulia kurudi, watu wa nyumbani wakimwona wanajua na sisi tuko njiani, wanabandika ugali.

Na alipofika umri, Taratibu nikamwingiza mbio kubwa.

Hakutoka kwa kishindo. Wakamwacha. Watu wananiambia "kushoto hakuna kitu leo!" Njia panda nikagusa kamba kidogo tu, akaenda kulia bila kuuliza. Waliotangulia wakaanza kuhema. Akampita mmoja, akampita mwingine, na mbele ya mlango wa mashine akampita yule Mnyiramba wa Nduguti aliyekuwa ameshaanza kutabasamu. Maganga alikuwa pale mwishoni na kofia yake. Kabla sijashuka nikamwambia mwenyewe bila kudaiwa: "Shikamoo mzee!" Watu wote pale mashineni wakaanguka.

Nikafunga baiskeli mgongoni mwa Taratibu, maana nilikuwa siwezi kuiendesha bado. Hilo msilitangaze.

Nikaingia uani kwa heshima, nimevaa shati. Mama mkwe alikuwa amekuja tena kututembelea. Mkeka pale pale. Mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbio zimeisha?"

"Zimeisha mama. Tumeshinda."

Akainua macho, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akaitazama baiskeli, akamtazama punda, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo leo," akasema, "mmepitia mashineni kwanza."

Hiyo ndiyo pongezi niliyopata. Baiskeli akapewa yeye aibebee asali, ikapanda treni ikaenda Itigi.

Sasa nyie mnaochagua madume, iwe ya punda, ya ng'ombe, au ya kuwaoza mabinti zenu, chukueni hili kutoka kwa mtu wa darasa la nne. Ukimwona anakimbia sana, usimsifu kwanza. Uliza anakimbilia wapi. Halafu nenda kamwangalie asubuhi, wakati anatoka na mzigo. Na mtani wako akikwambia jambo, cheka, ni haki yake, lakini ukimaliza kucheka lirudie tena ukiwa peke yako.

Maganga yupo, mzee sana sasa. Bado nampa shikamoo, nasimamisha gari kabisa. Vijana wakiona wanasema tajiri huyu ana heshima. Yeye ananijibu "marahaba mlenda" halafu anacheka mpaka anakohoa.

Haya, jukwaa lenu. Wanyamwezi najua mmeshajipanga, anzeni kunitukana kwa zamu msigombane. Na kama humu yumo yule aliyeuliza habari ya kaptula ya Kanali, mama, ajitokeze. Nimemsamehe.